Ozoni Hutabirika, Basi Itangazwe

Kila jioni wananchi huambiwa mvua itanyesha wapi kesho, joto litafika nyuzi ngapi na bahari itachafuka kiasi gani. Hawaambiwi watavuta ozoni kiasi gani, ingawa inaamuliwa na jua lilelile, upepo uleule na utulivu uleule wa hewa ambao watabiri wameshaupima. Kinachokosekana hapo si elimu. Ni wajibu usiotimizwa, na wenye wajibu huo wanajulikana.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Ozoni iliyo juu kabisa angani hutukinga na miale mikali ya jua, na ndiyo iliyolindwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Ozoni iliyo karibu na ardhi ni sumu. Huwasha koo, huchochea pumu na kudhoofisha mapafu ya mtoto anayekua. Shambani hupenya kwenye matundu ya majani, ikayaacha maharage na madoadoa ya rangi ya shaba na kupunguza mavuno. Haitoki kwenye bomba la gari wala dohani la kiwanda. Huzaliwa hewani, pale oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini na moto zinapokutana na mvuke wa petroli, wa rangi na wa taka zinazochomwa, chini ya jua kali.

Kwa hiyo hali ya hewa ina kauli kubwa. Anga likiwa jeupe na mgandamizo mkubwa wa hewa ukatulia juu ya mji, upepo hufa, uchafu hubaki palepale na jua huufanyia kazi mchana kutwa. Ozoni hupanda na kufikia kilele kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni. Usiku, bila jua, haitengenezwi tena. Lakini sehemu yake hubaki juu ya tabaka la hewa baridi lililolala ardhini, na asubuhi hewa inapochanganyika hushuka na kujumlishwa na ya siku mpya. Ukame huongeza balaa, kwa sababu mimea yenye kiu hufunga matundu ya majani na kuacha kuifyonza gesi hiyo. Mvua hutoa nafuu, ingawa si kwa kuiosha ozoni, ambayo haiyeyuki kwa urahisi majini: mawingu ndiyo hukata jua, na dhoruba huchanganya hewa na kuitawanya.

Wakazi wa pwani nao wasijidanganye kwamba upepo wa bahari utawaokoa daima. Los Angeles na Athens zimejifunza kwamba uchafu unaosukumwa baharini usiku na upepo wa nchi kavu unaweza kurudishwa mchana na upepo wa bahari, ukiwa umeshageuka ozoni.

Mexico City inatupa somo lililo wazi zaidi. Jiji hilo liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima, na ozoni yake huwa mbaya zaidi kati ya Machi na Mei, jua linapokuwa kali kabla ya mvua kuanza. Machi 2016 hali ilizidi hadi dharura ikatangazwa, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni karibu kila gari likalazimishwa kupumzika siku moja kwa wiki. Hatua hiyo ilikera wengi. Lakini iliwezekana kwa sababu vipimo vilikuwapo, vilitangazwa kila saa, na kulikuwa na mamlaka iliyokubali kubeba lawama za kutoa amri.

Ukanda wetu wa Afrika Mashariki hauwezi kudai kwamba hauna ujuzi. Huko Dagoretti, Nairobi, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya wamekuwa wakirusha puto la kupimia ozoni kila wiki tangu 1996, kwa ushirikiano na wenzao wa Uswisi. Kisanduku kilichoning'inia chini ya puto kina pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye maji yenye iodidi ya potasiamu; ozoni inapoyagusa huzalisha umeme mdogo, na redio hutuma kipimo hicho ardhini wakati puto likipaa hadi karibu kilomita 30. Ni kazi ya kuheshimika, na dunia nzima huitumia. Hata hivyo, puto la kila wiki haliwezi kumwonya mama mwenye mtoto wa pumu kuhusu saa nane ya leo.

Methali husema mwenye macho haambiwi tazama. Ozoni tunayovuta haionekani, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Hapa hata mwenye macho lazima aambiwe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mamlaka za hali ya hewa ziingize ozoni kwenye utabiri wa kila siku. Tanzania tayari hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa mvua, upepo na mawimbi. Ngazi hizohizo zitumike kwa hewa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kipo: mikrogramu 100 kwa mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa nane.

Pili, wasimamizi wa mazingira waweke mitambo ya kudumu ya kupimia ozoni mahali sahihi. Kando ya barabara kuu, moshi mbichi wa magari huila ozoni, na mtambo utasoma namba ndogo ya kufariji. Namba kubwa iko kule upepo unakoelekea, kwenye vitongoji na mashamba ya watu ambao huenda hata gari hawana. Anayepima barabarani tu anajidanganya, kisha anaidanganya serikali.

Tatu, kaunti na halmashauri zizime moto wa majalala na kusimamia ukaguzi wa magari bila kusubiri siku ya tahadhari. Tahadhari ikitolewa, shule zihamishie michezo asubuhi.

Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 zinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hiyo haisimamishwi na jua kali. Jua na upepo havipokei mshahara wa umma wala havikula kiapo. Waliokula kiapo ni viongozi. Siku mbaya inapoweza kujulikana tangu jana yake, afisa anayenyamaza ametelekeza kazi yake, na bunge na mabaraza ya madiwani yana wajibu wa kumwita ajieleze.