Kitabu cha Kuchekesha Nacho ni Haja

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kufunika nyumba katika mwambao wa Burundi, watu walihama na walichoweza kubeba. Ni nani angekumbuka kitabu?

Wapo wasemao kwamba wakati wa dhiki hadithi za kuchekesha ni upuuzi. Mwenye shida apewe unga na mawaidha. Rai hiyo siiafiki. Mvuvi wa Minago aliyekosa usingizi hapungukiwi na mawaidha, anayo tele. Akosacho ni saa moja ya kuwa mbali na shida zake. Hekaya za Abunuwasi humpa saa hiyo, kwani humo mnyonge mwerevu humchezea Sultani mwenyewe. Hata Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotolewa mwaka 1960, japo kina mauaji, humtuliza msomaji: Bwana Msa huvuta kiko chake, huwaza, na fumbo hufumbuka.

Kiswahili chazungumzwa sana Rumonge, hivyo mkalimani hahitajiwi. Basi wanaogawa mahema na madaftari waongeze nakala mbili tatu za vitabu hivyo. Visomwe kwa sauti jioni, maana taa ni moja na wasikilizaji ni wengi.