Uchovu wa kazi hauko ofisini tu

Makala yenu kuhusu uchovu wa kazi ni nzuri, ila dalili mlizotaja ni za watu wa ofisini. Njooni huku Londiani, Kericho. Mchuna majani chai hulipwa kwa kilo, kwa hiyo hasemi amechoka. Husema mgongo unamuuma, basi. Dada yangu nilimjua hayuko sawa alipoanza kuchanganya majani magumu na yanayotakiwa, yale mawili na chipukizi. Karani wa kituo cha kupimia majani anayakataa, naye wala hashtuki. Huyo ndiye aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwa kosa hilohilo! Jioni watoto wakimsemesha anajibu “eeh” tu. Jumapili analala mchana kutwa, Jumatatu anaamka amechoka vilevile.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitaja mambo matatu ya uchovu huu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kushuka kwa ufanisi. Halikuuita ugonjwa, liliuhusisha na kazi yenyewe, na hapo nakubaliana nalo. Kumwambia kibarua achukue likizo ni mzaha, asipochuna halipwi. Tena na hizi mashine za kuchuna zilizoingia Kericho, nani atathubutu kulalamika? Wanyapara, mkimwona mtu hodari ameanza kuharibu kazi, muulizeni hali kabla ya kumfukuza.