KONA YA MWALIMU: Mama, usiling'oe jino la kahawia

Mama mmoja wa hapa kwetu kaniletea binti yake wa miaka 11. Meno ya mbele yana madoa ya kahawia, darasani wanamcheka eti hapigi mswaki. Mama anataka kukopa pesa ili yang'olewe, awekewe yale meno ya skrubu.

Mama, ngoja kwanza! Skrubu hiyo ni ya titani, inafungwa ndani ya mfupa wa taya. Taya la mtoto bado linakua, hawekewi. Na pesa yake, tusiongee.

Nikauliza alizaliwa wapi. Kumbe karibu na Goma, wakinywa maji ya mvua. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira unaacha floraidi kwenye maji yale, na ikizidi inatia jino doa likiwa bado ndani ya ufizi. Si uchafu, mtoto hana kosa. Mdogo wake aliyezaliwa Kampala, kwa maji ya Ziwa Victoria, ana meno meupe kabisa.

Daktari wa meno anaweza kusugua doa, au kulifunika kwa dawa nyeupe bila kung'oa. Wiki ijayo nitawasindikiza Mulago.