Kimbilio la Mara na Wanaolilaumu

Husemwa sana katika wilaya za Tarime na Serengeti, na siku hizi husemwa hata katika kumbi za mihadhara, ya kwamba nyumba za kimbilio zinazowapokea wasichana waliokwepa kisu cha ngariba zimekuja kuvunja miji ya watu. Mtoto, wasema walaumu, alikuwa wa baba yake na mama yake. Leo ni wa watu baki. Alikuwa akiitwa akaitika; leo jibu lake ni kutoroka usiku. Shutuma hii haistahili kupuuzwa, maana haitoki kwa wajinga peke yao. Hutoka kwa wazee wenye heshima, kwa akina mama waliozaa kwa uchungu, na kwa wasomi waliojizoeza kuona haya kila mila ya Mwafrika inapowekwa mbele ya hukumu. Inastahili kujibiwa, tena kwa urefu.

Kwanza ijulikane kitu kinacholaumiwa ni kitu gani. Katika nchi ya Wakurya, iliyogawanywa na mpaka wa Kenya na Tanzania, msimu wa kukeketa wasichana huangukia aghalabu mwezi wa Desemba, wakati shule zimefungwa, na katika koo nyingi huwa mkubwa zaidi katika miaka ya shufwa. Wazee wa inchama ndio watoao idhini. Ngariba hulipwa kwa kila kichwa, na sehemu ya malipo hayo huwarudia wazee. Msichana aliyekwisha kukatwa huhesabiwa kuwa mwanamke, na mwanamke huolewa kwa ng'ombe. Asiyekatwa huitwa msagane, jina la dharau ambalo humfuata kisimani, sokoni, na hata nyumbani kwa mumewe akibahatika kuolewa. Basi yafaa kuiona shughuli hii kwa pande zake zote mbili: ni ibada ya ukoo, na papo hapo ni biashara yenye wachumi wake. Anayeitetea ibada akasahau biashara ametetea nusu tu ya jambo.

Mbele ya nguvu hiyo kubwa imesimama nyumba ndogo. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kimekuwa kikiwakusanya wasichana kwa mamia msimu unapowadia. Nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, ilifunguliwa mwaka 2014. Mwaka 2017 Rhobi Samwelly, mwanamke wa huko huko Mara, alianzisha shirika lake na kufungua nyumba nyingine Butiama. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13, akavuja damu nusura afe, na hajapata kuificha habari hiyo. Wala hapana fahari katika nyumba hizi. Ni vitanda vya ghorofa, sufuria za maharage, vyerehani vichache, daftari la kuandikia majina, na simu isiyozimwa usiku. Hufanya kazi pamoja na dawati la jinsia na watoto la polisi na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Hata ramani ilibidi itengenezwe. Vijiji vingi havikuwamo katika ramani yoyote, na askari aliyepigiwa simu kwamba mtoto anakatwa alfajiri hakujua ashike njia ipi. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea, wengine wakiwa mbali sana na Mara, wamekuwa wakichora njia na nyumba kutoka katika picha za angani. Hivyo ndivyo ilivyo hiyo dola ya kigeni inayodaiwa kuja kubomoa ukoo.

Sasa na waulizwe walaumu swali moja: mji huvunjika saa ngapi? Je, ni saa ile binti anapopita uwazi wa ua akiwa peku, akiacha nyuma kitanda chake na wadogo zake? Au ni saa ile ya kwanza alipojua kwamba mama yake, ambaye kila homa alimkimbiza zahanati, ndiye atakayemshika miguu? Mtoto hapendi kulala porini. Mtoto wa miaka kumi na miwili anayeogopa fisi kuliko kitu kingine chochote, akaamua kwamba fisi ni nafuu, hakufundishwa uasi na shirika. Amepima mwenyewe, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Nyumba ya kimbilio haikuufanya ufa huo. Imeukuta.

Lugha nayo imetiwa mkono katika ugomvi huu. Wako wanaoshikilia kuliita tendo hili tohara, kwa sababu neno hilo lina harufu ya usafi na ibada. Asili yake ya Kiarabu ni utakaso. Wanaudhika na neno ukeketaji wakisema ni la matusi, limebuniwa na wapinzani. Walakini keketa ni kitenzi cha zamani. Maana yake ni kukata kwa kisu butu, kukata kwa kusugua kitu kisichokatika upesi. Na tumbo lenye msokoto huambiwa lakeketa. Mswahili hakulitafuta neno hili katika mkutano wa mataifa. Alilichukua katika akiba yake, akalitumia mahali linapofaa. Anayetaka neno lililo laini zaidi huenda ahitaji kwanza kisu kilicho laini zaidi.

Lakini hoja yenye uzito ni ile ya wasomi, nayo hupenda kujiegemeza katika historia. Husema kwamba vita dhidi ya mila hii vilianzishwa na wamisionari. Kwamba mwaka 1929 makanisa ya Ukikuyuni yaliwataka waumini waikane, na matokeo yake yakawa mfarakano na shule za kujitegemea. Kwamba Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliitetea kama nguzo ya umoja wa kabila. Na kwamba huko Meru, mwaka 1956, baraza la Njuri Ncheke lilipoipiga marufuku kwa msukumo wa serikali ya kikoloni, wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia porini, wakakatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika muda wa miaka mitatu. Basi, humaliza wasomi hao, tazameni mwisho wa kuingilia mila za watu.

Habari hizi ni za kweli na hakuna sababu ya kuzikana. Lililokosewa ni funzo linalotolewa kwazo. Amri ya Meru ilitungwa na wanaume wazee wakishauriana na wanaume wageni, na hapana hata mmoja aliyemwuliza msichana. Alikatazwa kukatwa, lakini hakuonyeshwa namna nyingine ya kuwa mtu mzima mwenye heshima mbele ya rika lake. Alifungiwa mlango mmoja bila kufunguliwa mwingine, naye akavunja dirisha. Mtu aliyeisoma vyema habari ya Ngaitana angekuwa wa kwanza kuitetea nyumba ya Mugumu na ile ya Masanga, kwa maana humo msichana amekwenda kwa miguu yake, kwa hiari yake, naye hukuta rika lingine: wenzake mia waliokataa jambo lile lile usiku ule ule. Wale wa Meru walitaka uhuru wa kuamua wakaupata kwa wembe. Hawa wa Mara wanautaka uhuru uo huo. Ni ajabu kwamba msomi huwasifu wa kwanza kwa ushujaa na kuwaita wa pili vibaraka.

Wengine huona kwamba sheria yatosha, na kwamba nyumba hizi ni anasa. Sheria ipo. Tanzania iliharamisha tendo hili mwaka 1998, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Lakini isomwe kwa makini. Inamgusa mtu mwenye malezi au uangalizi wa mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18. Kwa maneno mengine, inamwelekea mzazi. Inaposhika, shahidi wa kwanza huwa mtoto na mshtakiwa huwa mama. Hakimu akimaliza kusikiliza shauri, shahidi huyo atakula wapi jioni? Atalala kwa nani, ikiwa shangazi, mjomba na bibi wote wamekaa upande wa pili wa mahakama? Bila ya kitanda mahali pengine hapana ushahidi, na bila ya ushahidi sheria ni karatasi. Tena siku anapotimiza miaka 18 ulinzi wenyewe huisha, na yuko mwanamke aliyekwisha olewa anayekatwa wakati wa kujifungua kwa amri ya mama mkwe. Kenya ilifanya vyema zaidi: sheria yake ya mwaka 2011 haikuweka kikomo cha umri, ikamshika hata anayemvusha msichana mpaka ili akakatwe nje ya nchi, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuifuta. Hata hivyo sheria nzuri nayo haikuwa na mikono: mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wasichana wa Kuria upande wa Kenya walipitishwa barabarani mchana kweupe baada ya kukatwa, kwa nyimbo na shangwe.

Baada ya walaumu, na wajibiwe wasifuji, maana madhara yao si madogo. Mfadhili hupenda Desemba. Desemba kuna idadi: wasichana kadhaa wameokolewa, picha yao imepigwa wakiwa wamevaa fulana za rangi moja, hati zimegawiwa, mgeni rasmi amehutubia. Januari haina picha. Januari ni ada na sare, ni mzazi asiyepokea simu, ni msichana anayekojoa kitandani kila usiku na hasemi kwa nini. Zipo nyumba ambazo, kwa kuogopa kupoteza msaada, zimejifunza kuishi kwa ajili ya picha hiyo, zikawasimamisha watoto mbele ya kila mgeni wasimulie upya usiku walioukimbia. Hilo ni kosa, na kuliita jina lingine ni kuwasaidia maadui wa kazi hii. Mtoto aliyekimbia kutazamwa kama bidhaa asigeuzwe kuwa maonyesho mahali alipokimbilia.

Kuna na kosa kubwa zaidi. Fedha na huruma humwendea aliyeponyoka. Yule aliyefika akiwa amechelewa, au aliyekatwa miaka kumi iliyopita, huhesabiwa kama vita vilivyokwisha shindwa. Naye ndiye manusura hasa. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2006, wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulionyesha kwamba waliokeketwa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupasuliwa na kuvuja damu wakati wa uzazi, na watoto wao katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwanamke wa namna hii anahitaji mkunga anayejua kovu alilonalo, na mtu wa kuzungumza naye pasipo kumwonea kinyaa. Shirika kubwa la mjini haliwezi kufanya hivi kwa barua. Hufanywa na mwanamke jirani, anayesema Kikurya, aliye na kovu lile lile, na ambaye hana cheo kingine.

Takwimu za taifa hutajwa kwa furaha: katika wanawake wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, wakawa 10 mwaka 2015 na 2016, na 8 mwaka 2022. Ni maendeleo, na aliyeyaleta apewe haki yake. Lakini katika uchunguzi ule wa 2015 na 2016, kiasi cha thuluthi ya waliokatwa walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sheria ilipokaza kamba, kisu kilishuka umri katika baadhi ya mikoa, kikamtafuta asiyeweza kusema. Kitoto cha wiki mbili hakitoroki usiku. Hakuna kimbilio kitakachokipokea isipokuwa mama yake amekuwa kimbilio hilo, na mama huyo hupatikana tu ikiwa aliwahi kukaa mahali alipoambiwa kwamba maumivu yake hayakuwa wajibu.

Ndiyo maana kazi iliyo ngumu kuliko zote katika nyumba hizi haifanywi wakati wa ngoma. Hufanywa shule zinapofunguliwa. Baba hukaa upande mmoja wa meza, amevua kofia, na binti upande wa pili. Ofisa ustawi wa jamii yuko katikati, na mbele yao iko hati ya ahadi kwamba mtoto akirudi hatakatwa wala kuozwa. Mara nyingine baba hutia sahihi, kisha huuliza kama binti amekula. Mara nyingine husema kwamba hana mtoto wa jina hilo, akaondoka, na jina la binti hubaki katika daftari la nyumba kwa mwaka mwingine, pamoja na gharama ya godoro, daftari za shule na sabuni. Wanaosema nyumba hizi huvunja miji hawajaonekana katika chumba hicho, ingawa mlango wake huwa wazi na viti havijai.