Mgonjwa Huambiwa Asipumue, Je, Huelewa Nini?

Picha ya eksirei inapotoka na ukungu, lawama humwangukia mgonjwa. "Alitikisika," husema mpiga picha, na maneno yakaishia hapo. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, na naona kwamba mara nyingi lawama hiyo ingestahili kuelekezwa kwenye lugha aliyoambiwa nayo mgonjwa huyo.

Tatizo la kutikisika ni la tangu jadi. Wilhelm Röntgen alipoipiga picha ya mkono wa mkewe mnamo Desemba 22, 1895, mama huyo alilazimika kuutuliza mkono kwa takriban dakika 15. Mkono uliolazwa mezani waweza kustahimili muda huo, kifua hakiwezi. Leo picha ya kifua huchukuliwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na ndiyo maana wapo wanaodai kwamba mashine zimekwisha kututatulia shida hii. Sikubaliani nao. Mashine ndogo zinazosukumwa wodini hazina nguvu za zile kubwa, na uti wa mgongo wa mtu mnene, akipigwa kwa ubavu, huhitaji muda mrefu zaidi. Fauka ya hayo, kasi ya mashine huondoa ukungu tu, haijazi mapafu hewa. Mgonjwa aliyeelewa amri kinyume atapigwa picha safi kabisa ya kifua kilicho katika hali isiyotakiwa.

Yafaa nieleze kwa nini jambo hili ni zito. Kifua hupigwa picha mapafu yakiwa yamejaa hewa. Hapo kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo, hushuka chini, na mtaalamu huweza kuhesabu mbavu za nyuma tisa au kumi juu yake. Mgonjwa akiwa ameitoa hewa, kiwambo hupanda, mapafu husongamana na kuonekana kama yaliyotanda wingu upande wa chini, nao moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Daktari aweza kushuku ugonjwa wa moyo au kichomi ambacho hakipo. Tumbo nalo ni kinyume: mgonjwa hutakiwa aitoe hewa kwanza, ndipo atulie. Ama uti wa mgongo wa sehemu ya kifua ukipigwa kwa ubavu, wapo wataalamu ambao humwacha mgonjwa apumue polepole makusudi, ili mbavu zififie na mifupa ya uti idhihirike. Hizo ni amri tatu zinazotofautiana kabisa. Hata hivyo, neno ambalo nimelisikia mara nyingi zaidi katika vyumba hivyo ni moja tu: "Usipumue!"

Tulichunguze neno lenyewe. Kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa, yote mawili. Anayeambiwa asipumue ameambiwa aache jambo, hakuambiwa abaki katika hali ipi, mapafu yakiwa yamejaa au matupu. Isitoshe, kupumua kwa Kiswahili ni kupumzika pia, mtu aliyetua mzigo husema, "Ngoja nipumue kidogo." Wengine, kwa kuogopa utata huo, husema "Shika pumzi", nayo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Mswahili hashiki pumzi. Huizuia au huibana. Lugha yetu haina upungufu wowote hapa. Tunayo kuvuta pumzi, kushusha pumzi, kutoa pumzi, kubana pumzi, na kila moja lina mahali pake. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapanga maneno hayo kwa utaratibu unaofaa.

Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu, ajuza wa miaka sabini na ushei, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Kijana mpiga picha alikuwa nyuma ya kinga yake, kama sheria za usalama zinavyomtaka. Alitoa amri ya kwanza kwa Kiingereza, na shangazi akageuka kumtazama anayesema. Picha ikaharibika. Mara ya pili alipaza sauti, "Mama, usipumue!" Shangazi, kwa utiifu wote, aliishusha pumzi yake yote na kusimama kama aliyekata roho. Hiyo nayo haikufaa. Ndipo muuguzi aliyekuwa akipita akaingia, akasimama mbele yake na kumwambia, "Mama, niangalie mimi." Akaivuta hewa mpaka kifua kikatuna, akafumba midomo, akamwonyesha kwa kidole asubiri, kisha akaiachia. Wakafanya hivyo pamoja mara mbili. Muuguzi akatoka, amri ikatolewa, na picha ya tatu ikawa safi. Mashine na mgonjwa walikuwa wale wale. Zoezi lile halikuzidi nusu dakika, na lingalifanywa mwanzo, mbili za kwanza zisingalihitajika.

Utata hauishii kwenye pumzi. Anayetaka mgonjwa asijongee humwambia "Usisonge", neno linaloeleweka vyema bara, ilhali kwa mtu wa pwani kusonga ni kusonga ugali au kumbana mtu. Mwingine humwambia mtu mzima "Usicheze", naye akajiona ametukanwa mbele ya mkaza mwanawe. Na "Tulia!" ikitamkwa kwa ukali ni karipio tupu, na karipio humtetemesha mtu aliye na maumivu na baridi badala ya kumtuliza. (Kuna swali jingine ambalo lugha yake huniudhi: mama aliyekuja kumshika mtoto huulizwa kwa sauti, foleni nzima ikisikia, kama ana mimba. Swali ni la lazima, kwa kuwa mja mzito hapaswi kubaki mle, lakini laweza kuulizwa faraghani.)

Msomaji aweza kuniuliza: picha moja ya ziada ina dhara gani? Kwa kifua, mionzi ni kidogo, kiasi kinachokaribiana na kile tunachokipokea kwa siku chache kutoka ardhini na angani. Kwa uti wa mgongo wa kiunoni huzidi hicho kwa zaidi ya mara kumi. Kanuni inayofuatwa ulimwenguni ni kwamba mgonjwa asipewe mionzi zaidi ya ile inayohitajika, na watoto ndio wa kuangaliwa zaidi, maana miili yao ingali inakua. Zamani filamu iliyoharibika ilionekana, kwa kuwa ilitupwa na iligharimu pesa. Katika mitambo ya kidijitali picha mbaya hufutwa kwa kubonyeza kitufe, na hospitali isiyoweka hesabu ya picha zilizorudiwa haitajua kamwe ni wagonjwa wangapi walipigwa mara mbili.

Sheria inatuunga mkono. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya 2017 nayo humtaka mhudumu ampe mgonjwa habari za matibabu yake kwa lugha anayoielewa, inapowezekana. Ikiwa hata habari za maradhi zinatakiwa ziwe katika lugha ya mgonjwa, seuze amri ya maneno mawili ambayo picha nzima inaitegemea?

Siombi kamati wala kamusi mpya. Mgonjwa na aonyeshwe na kufanyishwa zoezi kabla mpiga picha hajaenda nyuma ya kinga. Na aambiwe: "Vuta pumzi ndani, jaza kifua. Sasa ibane, usiitoe." Kisha mpiga picha angoje kidogo, kwa kuwa mwili hauitikii papo hapo, na akimaliza asisahau kusema, "Haya, pumua." Nimewaona wazee wakiendelea kujibana hadi kizunguzungu kwa sababu hakuna aliyewafungulia. Kwa asiyesikia, sauti itokayo nyuma ya ukuta haina maana; ishara ya mkono kupitia kioo au taa ndogo yatosha, madhali wamekubaliana mapema. Asiyejua Kiswahili aliyekuja na jamaa yake, jamaa huyo afasiri wakati wa zoezi. Na mtoto mchanga, ambaye hakuna lugha itakayomfaa, afungwe vizuri kwa shuka na mifuko ya mchanga, au ashikwe na mzazi aliyevishwa aproni ya risasi. Wala asishikwe na mfanyakazi yule yule kila siku.

Wataeleza kwamba foleni ni ndefu. Foleni ya asubuhi hiyo ya shangazi ilikuwa ndefu pia, na alichukua nafasi ya watu watatu. Ningependa vyuo vinavyowafunza vijana hawa, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha KMTC kikiwa mbele, viwatahini hivi: mtahiniwa apelekwe mbele ya bibi asiyejua Kiingereza, mashine ikiwa imezimwa, aambiwe ampange na kumpa amri zote kwa kinywa chake. Bibi huyo ndiye atoe alama.