Nyumba ya wazazi inapouzwa: bei hulipa nini, na nini hakilipwi?

Ada za shule zikikaribia au mgonjwa akilazwa hospitali, mazungumzo ya kuuza huanza katika familia nyingi. Watoto wako mjini, mzee amebaki peke yake kijijini, paa linavuja, na dalali amekwisha pita mara mbili akisema kuna mtu mwenye fedha taslimu. Hesabu inaonekana rahisi. Lakini nyumba hiyo hiyo ikishauzwa, ndugu wa tumbo moja wanaweza kukaa miaka bila kutembeleana.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini kuuza nyumba huumiza kuliko kuuza ng'ombe au mahindi, na sheria za Tanzania zinasema nini juu ya maumivu hayo. Tunaloona ni hili: bei hulipa ardhi, kuta na miti. Mengine yote ambayo nyumba imeyabeba hayalipwi na mnunuzi, na serikali ikichukua eneo hulipa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo familia inapaswa kuyazungumza kabla fedha haijapokelewa.

Macho mawili, nyumba moja

Mwaka 1990 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya na wanafunzi wa vyuo vikuu. Baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida vya kunywea, wengine hawakupewa. Kisha waliopewa wakaulizwa wangeuza kwa bei gani, na wasiopewa wakaulizwa wangenunua kwa bei gani. Waliokuwa na vikombe walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kikombe chenyewe walikuwa wamekaa nacho kwa muda mfupi tu.

Ikiwa kikombe cha muda mfupi kinapanda thamani machoni mwa mwenye nacho, sembuse nyumba ambayo mtu alifyatua matofali yake kwa mikono, akazaa humo na kuwalea watoto humo. Mwenye nyumba anaona mwembe uliopandwa mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Mnunuzi anaona umbali wa kufika barabarani, maji, na kama nguzo ya umeme iko karibu. Akisema "hii nyumba ni ya kubomoa tu," kwake hiyo ni hesabu ya gharama. Kwa mwenye nyumba ni tusi.

Hapo ndipo makosa mawili hutokea. La kwanza ni kutaja bei ambayo hakuna atakayeilipa, nyumba ikakaa tupu, mchwa wakala kenchi na paa likaanguka. La pili ni kinyume chake: mtu aliyebanwa na shida hukubali bei ya kwanza ili maumivu yaishe haraka, kisha akajuta. Dawa ya yote mawili ni moja. Bei ipimwe kwa viwanja na nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni katika eneo hilo. Machungu nayo yapewe nafasi yake katika kikao cha familia, yasibebeshwe bei.

Serikali inapochukua eneo

Si kila anayeondoka nyumbani kwake ameamua kuuza. Barabara, reli, mabwawa na mabomba hupita katika vijiji. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya njia yake iko Tanzania. Waliokuwa kwenye njia hiyo walifanyiwa tathmini. Wapo waliolipwa fedha, na wapo waliochagua kujengewa nyumba nyingine.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Kanuni za mwaka 2001 zinaeleza vinavyohesabiwa: thamani ya soko ya ardhi na kilichoendelezwa juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Posho ya makazi huhesabiwa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36.

Tulitazame neno "usumbufu". Mtu anaweza kudhani hapo ndipo machungu ya kuhama yanapolipwa. Sivyo. Posho hiyo hupatikana kwa kuchukua thamani ya mali na kuizidisha kwa riba ya amana za mwaka mmoja benki. Maana yake, bibi aliyeishi miaka 50 katika nyumba yake na kijana aliyejenga juzi watapata posho sawa, mradi mthamini ameziona mali zao kuwa na thamani sawa. Miaka ya bibi haimo kwenye fomu.

Hatusemi kwamba mthamini anafanya kosa. Hana kipimo cha kumbukumbu. Lakini ni vizuri mwananchi ajue hivyo mapema, ili akiona kiasi alichoandikiwa ni kidogo, aulize kwa usahihi: je, kuna miti, kisima, choo au chumba kilichosahaulika? Hayo yanaweza kusahihishwa. Mengine hayana safu ya kuandikwa.

Makaburi

Kwenye kihamba cha Kilimanjaro na kibanja cha Kagera, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, wazee wamezikwa nyumbani, pembeni ya migomba. Hapo ndipo kuuza kunapokuwa kuzito kuliko mahali pengine popote, kwa sababu anayeuza anawaacha wazazi wake katika shamba la mtu mwingine.

Eneo linapotwaliwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatumika. Fidia yake inahusu gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na matambiko au ibada zinazoandamana na kazi hiyo. Hapa sheria imekubali kwamba kuna jambo la moyo linalohitaji kufanyika, na gharama yake ni halali.

Katika mauziano ya watu binafsi, utaratibu huo wa fidia haupo. Kama mkataba umenyamaza, familia inaweza kujikuta inaomba ruhusa kwa mgeni ili kusafishia kaburi la baba. Kwa hiyo liandikwe wazi: je, sehemu ya makaburi imekatwa na kubaki ya familia? Njia ya kufika huko inapita wapi? Mnunuzi akija kuuza kwa mtu mwingine, itakuwaje?

Nani anapaswa kuulizwa

Ugomvi mwingi wa nyumba huanza na maneno haya: "Hamkuniuliza." Sheria nayo imelitazama jambo hilo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi inamtaka pia mnunuzi aulize kama mwenza ameridhia. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na Halmashauri inatakiwa kukataa kama mauzo yatamnyima mwanamke haki yake ya kukaa kwenye ardhi hiyo. Mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake hautoshi.

Baba au mama akiwa amefariki, mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa kuwa tu ni mkubwa. Anahitajika msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na msimamizi huyo anawashikia wengine mali, hajamilikishwa.

Na ukoo je? Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kagera aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo alikwenda mahakamani akisema mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ni ya kibaguzi na mauzo ni halali. Lakini aliuachia ukoo mlango: mwanaukoo anayeitaka ardhi hiyo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake.

Uamuzi huo una funzo kwa kila familia. Anayesema "nyumba hii isitoke mikononi mwetu" ana haki ya kusikilizwa, lakini aje na fedha au mpango. Si haki kumzuia mwenye mali asiuze, halafu asimsaidie shida iliyomfanya atake kuuza.

Mzee anakwenda wapi?

Swali hili mara nyingi huulizwa mwisho, wakati lilipaswa kuwa la kwanza. Kumpeleka mama mjini ni kumtoa penye majirani wanaomjua, kanisa au msikiti wake, bustani ya mboga na kuku wake. Anaweza kulala kwenye godoro zuri na bado akawa mpweke, akingoja wajukuu watoke shule. Kabla ya kuuza, akakae huko miezi miwili au mitatu nyumba yake ikiwa bado ipo. Akisema anataka kurudi, familia itakuwa imejua mapema.

Wala kuuza si dhambi. Nyumba isiyo na mtu huoza, na fedha yake inaweza kumtibu mtu au kumsomesha. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeulizwa na kupewa nafasi ya kuaga huumia, lakini hana sababu ya kuweka kinyongo.

Kabla ya kupokea malipo ya awali, kaeni kikao na muandike majibu ya maswali haya. Mwenza ameridhia kwa maandishi? Watoto wote, wa kike na wa kiume, wamejulishwa? Makaburi yatabaki kwa nani? Mzee amejaribu kuishi huko anakokwenda? Fedha itafanya kazi gani, na nani ataisimamia? Kuna ndugu anayetaka kununua kwa bei hiyo hiyo, na amepewa siku ngapi?

Mkishindwa kuelewana, pelekeni shauri kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Nendeni kabla mkataba haujasainiwa, maana wakati huo hakuna mnunuzi wa kurudishiwa fedha yake, na nyumba bado iko mikononi mwenu.