Tumuulize Waziwazi

Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Mnamo Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Lakini lugha yetu shuleni ingali ile ya mashtaka. Hapa Mugutha, baina ya Ruiru na Thika, utasikia ikisemwa kwamba mwanafunzi "anajifanya" au "anatafuta huruma".

Mimi, mtu wa isimu, naona maneno hayo yanamfumba mtoto kinywa. Asemaye kuwa yeye ni mzigo kwa wazazi, agawaye vitu avipendavyo, ajitengaye ghafla baada ya matokeo ya mtihani, huyo anatuambia jambo. Aulizwe faraghani, waziwazi: "Je, umewaza kujiua?" Wapo wahofuo kwamba swali litampandikizia wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo.

Akikiri, asiachwe peke yake. Mzazi aarifiwe (ikiwa si yeye chanzo cha dhiki), dawa za shambani zifungiwe, naye apelekwe kwa mshauri au hospitalini. Nanyi wanafunzi, siri ya mwenzenu ya namna hii mwambieni mtu mzima mnayemwamini. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo, usiku na mchana.